Shaba njo inabeba zahabu

Mu mukutano wa mwezi uliopita, vijana wetu wa kutengeneza telefone waliomba komite iwapatie dolare 300 kutoka mu sanduku la chama. Wanataka kununua asidi na vyombo vya kioo, ili watoe zahabu mu maplaki ya telefone na ya ordinatere zenye zilikufa. Walikuja na video. Mutu mwenye kuvaa glavu anatia vyuma mu chombo, maji yanachemka, moshi wa rangi ya matofali unapanda, na kisha dakika kidogo anaonyesha kipande cha zahabu kinachong'aa. Watu walipiga makofi. Mama mumoja aliuliza kama ni uchawi. Mimi nilinyamaza. Lakini prezida wa chama aliniona, akasema: "Papa, wewe ulitengeneza maradio kule Mwange miaka yote ile. Andika mu gazeti letu, watu wajue mambo mbele ya kupiga kura."

Basi ninaandika. Na nyinyi marafiki wa mbali wenye munatusaidia, musome pia, juu feza yenu iko mu sanduku hilo hilo. Njo linanunua sanda wakati tuko na kilio, njo linalipa materinite, njo lilinunua bati za nyumba za wale wa kwanza kurudi, wakati mashua zilikuwa zinatoka Mpulungu kufika Moba na makamyo yanaingia Pweto. Dolare 300 ni muchango wa watu wengi, tena wa miezi mingi.

Nitaanza mbali kidogo. Jambo hili la vyuma ndani ya telefone si la jana, na sisi watu wa Katanga tuko ndani yake kupita vile tunafikiri. Angalieni hata luga yetu. Makuta tunaita feza, na feza ni jina la chuma. Jimbo letu lilibeba jina la Shaba kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 mupaka 1997. Kule Zambia, wenyeji wetu walisema mukuba, na wazee wetu walicheka kwa furaha, juu njo neno lenye wao pia walisikia kwa babu zao.

Ku ziwa Kisale, pa Sanga, mu 1957 na 1958 wanasayansi walifukua makaburi ya zamani sana. Walikuta vikuku na minyororo ya shaba, na mu makaburi mengine misalaba midogo ya shaba imewekwa ku mwili wa marehemu. Karne zilivyopita, misalaba ile ilizidi kuwa midogo na ya kipimo kimoja, inafungwa pamoja kwa kamba. Mutu anaelewa mara moja: hii ni makuta. Na pale Kisale hakuna mawe ya shaba. Shaba ilitembea kwa miguu siku mingi kutoka kusini, ku mabega ya watu, na kila mukono wenye iligusa ulibakia na kitu.

Kisha wakakuja Wayeke. Msiri alitoka Unyamwezi, inchi yenye leo iko Tanzania, akafanya muji wake Bunkeya. Watu wake walijua kazi ya shaba mupaka mwisho wake. Wakati wa kiangazi, kisha mavuno, waliacha muji wakaenda kuchimba lile jiwe la kijani. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, walivuta mivukuto ya ngozi ya nyama ya pori, waliyeyusha, waliyeyusha tena mara ya pili juu shaba itoke safi, kisha wengine walivuta nyuzi nyembamba kwa ajili ya vikuku. Askofu de Hemptinne aliandika juu yao kitabu mu 1926, akawaita "wenye kula shaba". Sitaki kusifu Bunkeya kupita kiasi, juu muji ule uliishi pia kwa pembe za tembo, kwa bunduki na kwa kuuza watu. Msiri mwenyewe aliuawa tarehe 20/12/1891 na ofisa wa msafara wa Stairs. Lakini jambo moja ninaomba mulishike: kutoka jiwe mupaka kikuku, kazi yote ilifanywa na watu wamoja, mahali pamoja. Mwenye kuchimba alijua bei ya kikuku.

Jambo hilo lilikatika mu 1906, wakati Union Minière ilianzishwa. Reli ilifika Elisabethville mu 1910, na mu 1911 tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba ya kwanza. Wazee wetu waliingia humo kama watumishi. Walichimba, walibeba, walichoma. Lakini shaba yenye ilitoka pale haikukuwa imeisha kusafishwa. Ilikuwa vipande vizito, uso wake umejaa malengelenge, ndani yake mukichanganyika na vitu vingine. Vipande hivyo vilipanda gari-moshi, kisha meli, vikaenda Ubelgiji kusafishwa. Hapa njo historia yetu inagusa telefone, na ninaomba muvumilie kidogo juu ya kueleza kazi yenyewe.

Namna ya kusafisha shaba kwa umeme ilitoka kwa Mwingereza James Elkington, mwenye aliiandikisha mu 1865. Unatundika bamba la shaba chafu mu maji makali yenye kuwa na asidi na shaba iliyoyeyuka, rangi yake ya bluu. Mbele yake unatundika bamba lingine jembamba. Unapitisha umeme. Shaba inaachana na bamba chafu, inatembea mu maji, inajipaka ku bamba lingine, safi kabisa. Zahabu na feza haziwezi kutembea vile. Zenyewe zinaanguka chini, sawa matope meusi. Mutu mwenye hajui angetupa matope hayo. Mwenye kujua anayakusanya kwa ufagio mudogo, juu mu viwanda vingi vya dunia matope yale njo yanalipa sehemu nzuri ya gharama. Nimeona watu wanashangaa wakisikia hivyo: zahabu inatoka mu kiwanda cha shaba! Ndiyo. Mu moto, shaba iliyoyeyuka inakamata zahabu na feza, inazibeba ku mugongo sawa mama na mutoto, na kule mu maji ya umeme inazitua.

Pembeni ya muji wa Antwerpen, mahali panaitwa Hoboken, kulikuwa kiwanda tangu 1887. Kilianza kwa kutenganisha feza na risasi. Kisha vita ya kwanza kikaingia mu ukoo wa makampuni yenye yalikuwa yanakula ku Katanga, na shaba yetu ikapita mikononi mwake. Olen, kule kule Ubelgiji, ilipokea pia madini yetu, hata yale ya Shinkolobwe. Hapa kwetu kazi ya umeme ilikuja pia: Shituru, karibu na Likasi, ilianza kutoa shaba kwa umeme mu 1929. Haingekuwa haki kusema kama hapa hapakufanyika kitu. Hata hivyo, maabara yenye ilisema shipa hii iko na kiasi gani cha feza, kiasi gani cha hiki na kile, na karatasi yenye ilipanga bei, zilibakia ngambo.

Mu 1967 mali ya Union Minière ilitwaliwa na serikali, na kampuni ya inchi, yenye kisha iliitwa Gécamines, ikashika kazi. Mu miaka ya 1980 ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mu 1994 haikufika hata tani 40,000. Mimi nilikuwa kijana wakati ule, na wengi wenu munakumbuka: mishahara haifiki, shule za kampuni zinafungwa, nyuzi za umeme zinakatwa usiku na kuuzwa. Mutu alikuwa analala na lampe inawaka, anaamuka ku giza, na shaba ya laini yake imevuka mupaka.

Na Hoboken je? Inafaa tuulize, juu kiwanda chenye kilizoea kula, kikikosa chakula cha zamani kinatafuta kingine. Mu miaka ya 1990 wenyewe waligeuza kiwanda. Walitia tanuru mupya mu 1997, ya kula masalio: matope ya viwanda vingine, vile vichungi vya moshi vya magari, na maplaki ya ordinatere na ya telefone. Mu 2001 Union Minière ilibadilisha jina, ikakuwa Umicore. Leo Hoboken inatoa vyuma kama 17 mu takataka, na zahabu, feza na paladiamu ni ndani yake. Ni kampuni ile ile ya babu zetu, wandugu. Siku hizi inachimba mu masanduku ya vitu vyenye vilikufa, na haihitaji tena shimo kama la Kipushi.

Sasa tuingie mu telefone yenyewe. Fungueni moja yenye ilikufa. Mule ndani kuna lile plaki la kijani, na juu yake vijumba vyeusi vyenye vijana wanaita chipi. Ndani ya kila kijumba kuna kipande kidogo cha silikoni, na kutoka ku kipande hicho nyuzi nyembamba kupita unywele zinashuka ku miguu ya chuma. Kwa miaka mingi nyuzi hizo zilikuwa za zahabu, juu zahabu haishiki kutu na inapitisha umeme bila kuchoka. Mahali pa kuchomeka batri na kadi ya simu, mule mwenye tunaona rangi ya manjano, ni zahabu pia, lakini ni sawa rangi ya ukuta: ukikwaruza kwa ukucha wa kisu inaisha. Plaki lenyewe, chini ya ile rangi ya kijani, ni tabaka juu ya tabaka za shaba.

Hesabu iko hivi. Tani moja nzima ya telefone, bila batri, inaweza kutoa zahabu kama gramu 300. Mu mugodi wa zahabu, tani ya jiwe yenye kuwa na gramu 5 ni jiwe nzuri. Kwa hiyo vijana wetu hawakudanganya: telefone ni tajiri kupita mulima. Lakini tani ya telefone ni telefone elfu mingi. Telefone moja iko na zahabu kama gramu 0.03, na hizi zetu ndogo za kubofya mara nyingi ziko na kidogo kupita pale. Tena, kadiri bei ya zahabu ilipanda, wenye kutengeneza chipi walianza kuweka nyuzi za shaba mahali pa nyuzi za zahabu. Zile chipi kubwa za mu video, za kauri na miguu ya manjano, ni za ordinatere za zamani. Kama ni Pentium Pro ya 1995, ndiyo, mule kuna zahabu ya kuonekana. Nani kati yetu aliwahi kuona Pentium Pro hapa Pweto?

Wajapani walitufanyia hesabu kubwa bila kujua. Kwa ajili ya michezo ya Tokyo, kutoka Aprili 2017 mupaka Machi 2019, walikusanya mu inchi nzima telefone milioni 6 na zaidi, na vitu vingine vya umeme, jumla karibu tani 79,000. Walitoa kilo 32 za zahabu, kilo 3,500 za feza, na kilo 2,200 za shaba na vyenye kuchanganyika nayo kwa ajili ya medali. Inchi nzima, miaka miwili, viwanda vya kisasa: kilo 32. Sisi tumekusanya telefone 230. Ukipiga hesabu, ndani ya zote kuna kama gramu 7, kama kila chembe inatoka. Na kwa asidi mu chombo cha kioo, kila chembe haitoki.

Kwa nini? Ku tanuru kubwa plaki linaingia zima. Plastiki yake inaungua na kusaidia moto, shaba inayeyuka, na shaba ile inakamata zahabu ya kila uzi, hata ule wa ndani kabisa ya chipi. Inakamata na paladiamu. Kisha mambo yanaenda vile nilieleza: bamba, maji ya bluu, umeme, matope meusi. Ni kazi ile ile ya tangu Elkington. Mwenye asidi anafanya kinyume. Anapata ile rangi ya juu tu. Nyuzi za ndani zinabakia zimefungwa mu kijumba, na shaba, yenye uzito wake ni mukubwa kupita vyote, inageuka maji ya kijani, anaimwaga.

Juu ya kumwaga, kuna hadisi moja ya kweli ninaipenda sana. Mu Aprili 1940 majeshi ya Hitler yaliingia Copenhagen. Mu maabara ya Niels Bohr kulikuwa medali mbili za zahabu za tuzo la Nobel, ya Max von Laue na ya James Franck. Kutoa zahabu mu Ujerumani ilikuwa kosa kubwa, na majina yao yalikuwa yamechorwa juu. Mwanakemia George de Hevesy alizitia mu asidi mbili zenye kuchanganyika, ile wazungu wanaita maji ya kifalme, na medali ziliyeyuka polepole. Chupa ya maji ya rangi ya chungwa ilikaa ku rafu. Askari walipekua maabara, walipita mbele yake. Vita ilipoisha, zahabu ilirudishwa kutoka mu maji na medali zikatengenezwa tena.

Ninawaambia hivyo juu mwaka uliopita kijana wetu mumoja alijaribu peke yake, mbele ya kuomba kitu kwa chama. Sitataja jina lake, ni mutoto wangu wa mikono. Alitia vidole vya maplaki mu asidi yenye alinunua kwa mutu wa batri na ingine ya kutoka muji. Aliona maji yamegeuka rangi, lakini hakuona zahabu, akakasirika, akamwaga yote nyuma ya choo. Zahabu yake kidogo, kama ilikuwa, ilikuwa mule mu maji. Alikuja kwangu siku ya pili. Vidole vyake vilikuwa manjano, rangi yenye sabuni haitoi, juu ni ngozi yenyewe inageuka. Usiku alikuwa anakohoa mupaka mama yake akawasha moto akakaa naye. Ule moshi wa rangi ya matofali, wenye ku video unapendeza, mutu anaweza kuuvuta na kujisikia muzima, kisha masaa mingi mapafu yake yanajaa maji. Yeye alipona. Kisima cha jirani kiko hatua 20 kutoka pale alimwaga.

Mimi pia siko mutakatifu. Mu 2012 nilinunua nyaya za zamani nikazichoma nyuma ya nyumba ili nipate shaba haraka. Moshi mweusi uliingia mu nyumba ya jirani, mama mwenye mutoto mchanga, alikuja kunitukana na alikuwa na haki. Na munajua nini? Munuzi wa mitraye aliangalia shaba yangu, nyeusi, imeungua, akanipatia bei ya chini kupita ya ile ya kumenywa kwa kisu. Nilitoa sumu bure, tena kwa hasara. Moshi wa ile plastiki ya nyaya unabeba sumu inaitwa dioksini, inakaa mu mafuta ya nyama, mu mayai, mu maziwa ya mama. Ku Agbogbloshie, mu muji wa Accra, Ghana, mwenye vijana walichoma nyaya miaka mingi, mayai ya kuku wa pale yalipimwa na kukutwa na sumu hiyo. Mu Guiyu, China, mahali pa asidi na maplaki, mu 2007 wanasayansi waliandika kama watoto wa pale walikuwa na risasi mu damu kupita wale wa muji jirani.

Musifikiri kama hata kule kwenye tanuru kubwa hakuna machozi. Ku Hoboken, watu wenye kukaa karibu na ukuta wa kiwanda wanapima damu ya watoto tangu miaka ya 1970, juu ya risasi. Hesabu ilipanda tena mu 2020, na kampuni ilisema itanunua nyumba za karibu ili mahali pale papandwe miti. Iko na vichungi, madaktari, karatasi, na bado. Sasa wazia chombo cha kioo mu uwanja wa nyumba ya kupanga.

Dunia ilitupa tani milioni 62 za vitu vya umeme mu 2022, na hata robo yake haikuandikwa kama imekusanywa vizuri. Kwa hiyo kazi iko, na vijana waliona vema. Shida yangu ni upande gani wa kazi tunaushika.

Wale wa Lubumbashi munaujua ule mulima mweusi pembeni ya shimini kubwa. Tulipokuwa watoto tuliambiwa ni takataka. Ulikuwa masalio ya tanuru, mwaka juu ya mwaka, na mawe ya Kipushi yalileta ndani yake kobalti, zinki na jermaniamu, chuma chenye kinatumika mu kamera za kuona usiku na mu nyuzi za intaneti. Kuanzia miaka ya 2000 walianza kuula mulima ule kwa ajili ya kobalti. Na mu 2024 kampuni ya Gécamines yenye inaushika ilituma ngambo mzigo wa kwanza wa jermaniamu, kisha kupatana na nani? Na Umicore. Babu alichoma, takataka ilibakia, mujukuu anaisafisha hatua moja, na hatua ya mwisho inapanda tena meli. Lakini safari hii angalau hatua moja kupita zamani imefanyika hapa, na mwenye mulima alijua kuna nini ndani mbele ya kuuza. Mimi ninaona hiyo ni tofauti kubwa kupita vile magazeti yalisema.

Kwa hiyo hili njo shauri langu ku komite. Tusinunue asidi. Tununue mizani nzuri, visu vya kumenya nyaya, glavu, na mapipa matatu yenye kifuniko. Pipa moja la maplaki ya telefone, yakiwa mazima, bila kung'oa chipi, juu munuzi anatoa bei mbaya ku plaki lenye lilikwaruzwa. Moja la maplaki ya ordinatere. Moja la vipande vya alumini na vyuma. Batri hapana mu pipa: zinawekwa peke yake mu mchanga mukavu, moja ikivimba inaweza kuchoma depo nzima. Shaba ya nyaya inamenywa na inauzwa kila mwezi, hiyo njo itatulisha wakati tunangojea. Maplaki yanangojea mupaka tufike uzito wenye munuzi wa haki anaweza kuja kuangalia, na tutafika haraka zaidi kama wandugu wa Moba, wa Kalemie na wa Lubumbashi wanaleta yao ku depo moja.

Musijaribu kuyapitisha Kasumbalesa mu mufuko wa unga. Tangu 01/01/2025, kwa mapatano ya Basel, takataka yote ya umeme inapovuka mupaka inaomba ruhusa ya inchi zote mbili mbele ya safari. Munuzi mwenye hana karatasi hizo ni munuzi wa kutuletea polisi.

Na neno moja kwa marafiki wa ngambo. Musitutumie ordinatere za zamani zenye hazifanye kazi, tuko nazo. Kitu chenye tunahitaji kwenu ni mutu wa maabara. Tukiuza pipa la kwanza, tungependa kipande cha kila mzigo kipimwe pia upande wetu, ili munuzi akisema zahabu ni kiasi hiki na paladiamu ni kiasi hiki, tuwe na karatasi yetu ya kuweka kando ya karatasi yake. Union Minière ilikaa miaka 60 hapa, na baba yangu alifanya kazi 22 ndani yake. Hakuna siku moja alionyeshwa karatasi hiyo.

Kijana wa vidole vya manjano amekubali kushika mizani. Telefone 230 ziko kwangu, chini ya kitanda, mu gunia mbili, na muke wangu anauliza kila siku zitatoka lini. Kura itapigwa siku ya posho kisha sala ya saa tatu, pale pale ku uwanja wa shule.